Mkiwapeleka watoto jangwani kuwaona wanaakiolojia kazini

Likizo ya Agosti inapokaribia, wazazi wenzangu hapa Malindi huniuliza kama kweli yafaa kuwavusha watoto jangwa la Chalbi ili wakaone watu wakifukua mifupa ya kale Koobi Fora, ukingoni mwa Ziwa Turkana. Jibu langu ni kwamba yafaa, na nitaeleza namna. Lakini kabla ya habari za gari na maji kuna jambo moja ambalo mtoto hana budi kufunzwa angali nyumbani: kule haokoti kitu, hata kijiwe.

Watoto wetu wa pwani wamelelewa kwa kuokota. Ufuoni huokota simbi na vipande vya chupa vilivyolainishwa na mawimbi, wakajaza mifuko, na hakuna mtu anayewagombeza. Hifadhi ya Sibiloi, ambako Koobi Fora ipo, ni kama ufuo huo kwa macho ya mtoto. Upepo na mvua chache za huko hula udongo mwaka hadi mwaka, na vilivyofukiwa zamani hujitokeza juu: jino la kiboko, gamba la kobe, jiwe lililochongwa na mkono wa mtu. Mtoto akikiona kitu hicho mkono wake hutangulia fikira zake. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kuhamisha vitu hivyo bila kibali, lakini mtoto wa miaka minane hatulii kwa kutajiwa sheria. Mpe sababu, naye atawazuia wengine.

Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya habari za kitu cha kale imo katika pale kilipolala. Kimelala tabaka gani, kimeelekea wapi, jirani yake ni nini, udongo uliokizunguka ni wa rangi gani. Ukikiinua bila kupima, unabaki na kitu mkononi na habari zake umeziacha zipotee.

Nimeona mfano unaowaingia watoto haraka zaidi ni ule wa hapa kwetu kaunti ya Kilifi, pangoni Panga ya Saidi. Humo watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walikuta kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, lenye umri wa miaka 78,000 hivi. Ndilo kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana Afrika, na habari zake zilitangazwa mwaka 2021. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi kwamba kuigusa tu ni kuiharibu. Basi hawakuitoa mmoja mmoja. Walilizungushia plasta bonge zima la udongo, wakalipeleka Nairobi, kisha Burgos, Uhispania, wakalichambua polepole maabara.

Waulize watoto: tumejuaje kwamba mtoto yule alizikwa, hakuangukia tu shimoni? Udongo uliokuwa ndani ya shimo ulikuwa tofauti na ule wa pembeni, maana yake shimo lilichimbwa likafukiwa. Tumejuaje kwamba alilazwa kwa huruma? Alikuwa ubavuni, magoti yamekunjwa kifuani, na kichwa kilikuwa kimeinama kwa namna inayoonyesha kwamba kiliwekewa kitu cha kuegemea, mfano wa mto, ambacho baadaye kilioza. Mto haupo, lakini nafasi yake ipo. Laiti mtu angeingia pangoni akaling'oa fuvu lile kwa pupa, tungekuwa na fuvu tu, na yule mama au baba aliyempangia mwanawe pa kuweka kichwa asingejulikana milele. Binti yangu mdogo alipoyasikia haya alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama walimfunika. Watafiti wanadhani ndiyo, alikuwa amezongwa kwa kitu. Tangu hapo sikuwa na haja ya kumwambia asiokote.

Sasa safari yenyewe. Kutoka Malindi sisi hupitia Mombasa na Nairobi, kisha Nanyuki, Isiolo, Laisamis hadi Marsabit. Mpaka hapo ni lami na gari lolote zima linafika. Msilazimishe kwenda mfululizo; watoto waliochoka njiani hawaoni kitu wakifika. Kutoka Marsabit mnashuka kupitia Maikona na Kalacha hadi North Horr, na hapo gari liwe linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye tairi za akiba zaidi ya moja, na dereva awe anaijua njia. Chalbi ni uwanda wa chumvi. Ukiwa mkavu utadhani ni sakafu. Ukinyeshewa ni tope linalomeza gari hadi mlangoni. Kwa hiyo epukeni miezi ya masika, Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba na Novemba. Kati ya Juni na Agosti ni pakavu, na ndicho kipindi ambacho timu nyingi za watafiti na wanafunzi wao huwa kazini. Ulizeni hali ya usalama Marsabit kwa wenyeji na kwa polisi, mkiambiwa subirini, subirini. Nendeni magari mawili. Jazeni mafuta Marsabit, na mjulisheni mtu wa nyumbani mtakapokuwa, kwa kuwa mtandao wa simu hukatika kwa masafa marefu.

Maji yabebeni zaidi ya mnavyodhani mtahitaji, katika madumu kadhaa, si tangi moja, ili moja likipasuka mengine yabaki. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi, si ya kutegemea kwa kunywa. Na hapa nawaonya hasa wazazi wa pwani: mtoto wa Malindi akiona maji mengi ya buluu baada ya siku za vumbi atavua shati akimbie. Ziwa lile lina mamba wengi sana. Kaka yangu, anayefanya kazi Marsabit na ndiye aliyetuongoza, alilisema hilo mara tatu kabla hatujaliona ziwa, na nafurahi kwamba alilisema, kwa sababu kwa macho lilinivuta hata mimi. Mkubaliane ndani ya gari: hakuna kusogelea maji bila mtu mzima.

Chakula hakina mambo mengi. Visheti, tende na kashata hustahimili joto. Mahamri maliza siku ya kwanza. Kanga mbili tatu kwa kila mtu ni lazima: ya kujifunika vumbi, ya kivuli, ya kulalia. Upepo wa Turkana huvuma usiku kucha hadi asubuhi na hema lisilofungwa vizuri haliponi. Viatu vikung'utwe kila asubuhi kwa ajili ya nge. Njiani mtakutana na Wagabra wakinywesha ngamia visimani; shukeni, salimieni wazee kwanza, na msipige picha hadi mpewe ruhusa. Kisima kina zamu zake na wenyewe.

Kibali kitafutwe mapema, wiki kadhaa kabla. Sibiloi iko chini ya Shirika la Wanyamapori, KWS, nao ndio hutoza kiingilio, lakini kambi ya Koobi Fora na kazi za kufukua ni za Makumbusho ya Taifa. Andikieni Makumbusho, mweleze ni familia, watoto wa umri gani, na mnaomba kuangalia tu. Msifike ghafla kwenye eneo la kazi mkitarajia kupokelewa. Wale watu wana majuma machache ya kiangazi kumaliza kazi ya mwaka mzima.

Fikeni alfajiri. Kazi huanza mapema kwa sababu ya jua, na kufikia saa sita mchana hata watafiti hujificha kivulini. Mtakachokiona mwanzo kitawavunja moyo watoto kama hamkuwaandaa. Hakuna mtu anayepiga sururu, hakuna mfupa mkubwa unaochomoza. Kuna miraba iliyopigwa kwa kamba, mtu mmoja amepiga magoti katika kila mraba na mwiko mdogo wa fundi, au burashi, au kijiti tu. Kando kuna chekecheke na watu wanachekecha kila ndoo ya udongo. Kuna chombo cha kupimia kwenye miguu mitatu, na kila kinachoonekana hupimwa mahali pake kabla ya kuinuliwa, kikapewa namba, kikatiwa mfukoni na karatasi yake. Simameni nje ya kamba, upande mtakaoonyeshwa. Ukingo wa shimo usikanyagwe kabisa, kwa sababu ukuta ule ndio wanaousoma.

Na huo ukuta ndio wa kuwaonyesha watoto kwa muda mrefu. Una mistari. Mmoja ni mchanga wa mto, mwingine matope ya ziwa lililokuwa kubwa kuliko sasa, mwingine wa kijivu ni majivu ya volkano. Majivu hupimika umri, na kwa hayo hujulikana umri wa vilivyo juu yake na chini yake. Binti mmoja mtafiti alikaa na watoto wetu akawaeleza kisa kilichotokea hukohuko Koobi Fora. Mwaka 1969 mwanajiolojia Kay Behrensmeyer aliona zana za mawe katika tabaka la majivu, na tabaka likaitwa KBS kwa ajili yake, yaani Kay Behrensmeyer Site, mahali pa Kay Behrensmeyer. Vipimo vya kwanza vililipa umri wa miaka milioni 2.6. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya wa timu ya mtafiti Richard Leakey, aliona vipande vya fuvu la binadamu wa kale chini ya tabaka hilo, vikaunganishwa, na fuvu likapata namba 1470. Kwa kuwa lilikuwa chini ya majivu, likahesabiwa kuwa karibu miaka milioni 3. Wengine wakapinga. Walilinganisha meno ya nguruwe pori wa kale wa hapo na ya wale wa bonde la Omo, Ethiopia, ambako tabaka zilikuwa zimekwisha kupimwa umri, wakaona hesabu haikai. Majivu yakapimwa upya, yakaonekana ni ya miaka milioni 1.9 hivi. Fuvu halikubadilika hata chembe, ila umri wake ukashuka karibu miaka milioni moja, kwa kuwa tabaka lake limeeleweka vizuri zaidi. Ndiyo maana namba ya tabaka huandikwa hata kwa kipande kidogo kama ukucha.

Watajieni pia Kamoya Kimeu, Mkenya mwingine mtafuta mifupa ya kale. Mwaka 1984, ng'ambo ya pili ya ziwa, Nariokotome, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe za rangi ileile. Timu ilipochekecha udongo wa mahali pale ikapata sehemu kubwa ya mifupa ya kijana wa kale aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Mimi naliona jambo hili ni kubwa: Wakenya waliosoma ardhi kwa macho yao ndio walioona mengi ya yale ambayo dunia inayafahamu, na watoto wetu wanapaswa kuyajua majina yao kama wanavyojua ya wakimbiaji.

Muda wa kukaa pale usiwe mrefu. Saa mbili zinatosha watoto walio chini ya miaka kumi, kisha wapelekwe kuona visukuku vikubwa, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vilivyoachwa mahali vilipopatikana ndani ya hifadhi. Wapeni daftari wachore ukuta wa shimo, tabaka kwa tabaka. Kuchora kunawaridhisha kuliko picha za simu, na mikono inakuwa na kazi.

Familia isiyoweza gharama za kaskazini isikate tamaa. Gharama ni kubwa kweli, hasa gari na mafuta. Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili, iko karibu nasi, na tangu 2024 ni turathi ya dunia ya UNESCO. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kufukua pale mwaka 1948, na nyumba alizozifukua ziliitwa kwa vitu vilivyokutwa ndani: nyumba ya mkasi, nyumba ya simbi, nyumba ya sarafu za Kichina. Waambieni watoto wazitafute, wakisimama ndani ya kila moja wafikirie kwamba kila kitu kilikuwa na chumba chake. Panga ya Saidi ni mahali pa ibada kwa wenyeji hadi leo, basi msiende bila idhini yao.

Jamaa zangu wa Lamu wana Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, ambako mwanaakiolojia Mark Horton alifukua miaka ya 1980 na kukuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine midogo zaidi, mmoja juu ya mwenziwe, ya chini kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Siku hizi mtaona magofu tu, shimo limefukiwa. Ulizeni kwanza ofisi ya Makumbusho mjini Lamu, mpate mtu wa kuwaongoza. Pwani ya Shanga ina maji mafupi, mashua haikaribii bamvua likitoka, hivyo wengi hushukia Siyu wakatembea kwa miguu kama saa moja. Pangeni na nahodha tangu jana yake maji yanajaa saa ngapi, na mbebe maji ya kunywa kutoka Siyu.