Umemaliza BSc ya misitu, unataka ikolojia ya jamii za mimea: anzia wapi?

Mdogo wangu, kabla ya kuhangaikia masters, jifunze kupima ploti (kipande cha msitu chenye mipaka iliyopimwa) vizuri. Vyeti vinafanana, data safi ndiyo inayokupa ajira, iwe kwenye utafiti au kwenye mradi wa uhifadhi.

Chukua ploti ya mita 20 kwa 50. Pima kipenyo cha kila mti kuanzia sentimita 10, kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko simama upande wa juu. Mti wenye mizizi iliyopanda shinani kama mbao, panda nusu mita juu ya hiyo mizizi, kisha andika ulipima wapi. Bila hivyo, atakayerudi baada ya miaka mitano ataukuta mti "umekonda".

Kosa kubwa zaidi ni mteremko. Kwenye nyuzi 20, mita 50 za ramani (za mlalo) ni mita 53.2 za tepu iliyolala kwenye mteremko. Ukiishia 50, ploti yako ni ndogo kuliko unavyodhani, na hesabu zote za kwa hekta zinaharibika.

Jina la kienyeji andika, ila lisikutoshe. Kata sampuli yenye ua au tunda (majani matupu huwatesa hata wataalamu wa hebaria, yaani hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa), ibane kwenye magazeti, badilisha magazeti kila siku, la sivyo inaota ukungu.

Jioni jifunze R, programu ya takwimu, hasa kifurushi chake cha vegan cha kuchambua data za jamii za mimea. Na msitu wa hifadhi wa serikali kuu hauingii bila kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kiombe mapema.