Jirani anataka nilipe stima zaidi sababu ya feni

SWALI: Salaam aleikum. Nakaa Kisauni nyumba ya vyumba, wapangaji wanne mita moja ya tokeni, kila mtu hutoa 500 kwa mwezi. Sasa jirani yangu ameanza maneno eti niongeze pesa kwa sababu feni yangu inawaka usiku kucha, na yeye ana jiko la koili anachemshia maharagwe. Mimi nina mtoto mchanga na joto lenyewe mwalijua. Kweli nawaonea?

Mama Mchanga, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mama. Huwaonei, lakini tupige hesabu ndio uwe na la kusema.

Feni kuwaka masaa mengi si hoja peke yake, lazima ujue pia inakula kiasi gani. Igeuze, nyuma ya mota au chini ya kitako kuna kibandiko, tafuta namba iliyo na herufi W, hizo ndizo wati. Tuseme ni 60. Zidisha na masaa 10 ya usiku, 600, gawanya kwa 1000 upate yuniti 0.6. Koili ya wati 1000 ikiwaka masaa mawili mfululizo mpaka maharagwe yaive ni yuniti 2, yaani sufuria moja hiyo imepita feni yako ya siku tatu!

Kupata bei angalia meseji ya tokeni mlizonunua mwisho, pesa mliyolipa igawanye kwa yuniti mlizopata. Mfano kama 1000 imewapa yuniti 40 basi yuniti ni shilingi 25, feni yako 15 kwa usiku na maharagwe yake 50. Kwa mwezi wewe ni 450, si kidogo hata, usiseme hutumii kitu. Yeye akichemsha siku 15 tu ni 750 na hapo hatujahesabu taa wala pasi.

Kama kuna mwenye friji hesabu hii ya wati haitafaa sana kwa sababu mota yake huwaka na kuzima yenyewe. Hiyo ngojeni siku watu wako kazini, zimeni vyote ibaki friji peke yake, andika namba ya mita saa nne asubuhi, rudi uisome tena saa kumi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo yuniti friji imekula kwa masaa sita, zidisha mara nne upate za siku nzima.

Halafu kaeni wote wanne na karatasi, au mwombeni mwenye nyumba awawekee mita ndogo kila chumba. Feni usizime, mtoto alale.