Kuunganisha Diski za SSD Kuwa Hifadhi Moja Nyumbani: Lini Inafaa na Lini Uache

Watu wanaorekodi video za harusi hapa Mombasa hunijia na swali moja kila msimu wa sherehe unapopamba moto: je, diski mbili au tatu ndogo za SSD, zile zisizo na kitu kinachozunguka ndani yake, zinaweza kuunganishwa ndani ya kompyuta ya nyumbani zikaonekana kama diski moja kubwa? Zinaweza, na mara nyingi programu ya kufanya kazi hiyo tayari imo ndani ya kompyuta bila kununuliwa. Hata hivyo, kwa muda wote ambao nimekuwa nikiwaundia jamaa na majirani kompyuta za kuhariria video, nimeona kwamba wengi wao wanahitaji nafasi ilhali wanadhani wanahitaji kasi, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua ufanye nini na diski zako.

Binti wa kaka yangu hurekodi upande wa wanawake wa harusi hizo. Kamera zake huandika video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, yaani megabaiti 12.5. Kwa saa moja hiyo ni gigabaiti 45, na siku ya kupamba bibi harusi yenye saa nne na kamera tatu huzaa gigabaiti 540 kabla hajakata hata kipande kimoja. Diski ya gigabaiti 500, ambayo Windows huionyesha kuwa na 465 hivi kwa sababu huhesabu kwa mafungu ya 1,024 badala ya 1,000, haiwezi kubeba shughuli hiyo moja. “Ami,” aliniuliza, “nikiongeza ya pili kama hii, kazi itaingia nzima bila kuigawa?” Itaingia, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya haki ya kuunganisha.

Kasi ni jambo jingine. Diski ya SSD inayotumia kebo ya SATA husoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde, na ukiunganisha mbili kwa njia ya kugawana kazi unaweza kupita megabaiti 1,000. Lakini diski moja tu ya NVMe, ile nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi kuu ya kompyuta, hufikia megabaiti 3,500 hivi kwa toleo la tatu la PCIe, ambayo ni njia ya data ya bodi hiyo, na karibu 7,000 kwa toleo la nne. Zaidi ya hapo, kadi ya kamera ya aina ya UHS-I, kwa kiwango chake cha kawaida, haipiti megabaiti 104 kwa sekunde, kwa hiyo utakaponakili video kutoka kwenye kadi hiyo, diski zako zitakuwa zikiisubiri kadi, ziwe moja au nne. Anayetaka kasi kwa kuunganisha diski za SATA katika kompyuta yenye nafasi ya NVMe anajitwisha hatari bila sababu, na fedha hizo ni bora anunue NVMe moja.

Tukubaliane basi kwamba shida ni nafasi. Ziko njia mbili kuu za kuunganisha. Ya kwanza ni ya mfululizo, ambapo diski ya pili huanzia pale ya kwanza ilipoishia. Ya pili, inayojulikana kama RAID 0, hulikata kila faili kubwa vipande vidogo na kuvigawa kwa zamu, kama mtu anayegawa karata: kipande hiki diski ya kwanza, kinachofuata diski ya pili, kisha tena ya kwanza. Njia hii ya pili huleta kasi, lakini diski moja ikifa, faili kubwa linalobaki kwenye nyingine huwa limetobolewa kila mahali. Ya mfululizo ina afadhali kidogo, kwa kuwa huenda fundi akaokoa mafaili yaliyolala kikamilifu kwenye diski iliyosalimika, ingawa hifadhi yenyewe kwa kawaida haitafunguka na si jambo la kulitegemea.

Hatari hii haikugunduliwa jana. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipochapisha makala yao ya mwaka 1988 kuhusu kutumia diski nyingi za bei nafuu badala ya moja kubwa ya bei ghali, walieleza wazi kwamba kadiri diski zinavyoongezeka ndivyo uwezekano wa kundi zima kuharibika unavyopanda, na ndiyo maana walipendekeza nakala za ziada ndani ya kundi lenyewe. Madaraja ya RAID waliyoyaeleza yalianzia 1 hadi 5. Daraja la 0 lilikuja kuitwa hivyo baadaye, na sifuri hiyo ni ya kinga iliyomo ndani yake. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kila diski ina uwezekano wa asilimia 3 wa kufa katika mwaka. Ukiunganisha tatu bila kinga, uwezekano wa kupoteza hifadhi nzima unakaribia asilimia 9.

Kwa hiyo kabla ya kuunganisha, jiulize kama huwezi kuziacha diski zako mbalimbali na bado ukaziona mahali pamoja. Windows hukuruhusu kuifungua diski ya pili ndani ya folda tupu ya diski ya kwanza, badala ya kuipa herufi yake, nayo Linux imefanya hivyo tangu mwanzo. Ukitumia Linux, ipo pia programu ya mergerfs, ambayo hukusanya folda za diski kadhaa zikaonekana kama folda moja, huku kila faili likikaa zima kwenye diski yake. Diski moja ikifa, unapoteza yaliyokuwa humo tu. Kwa picha za familia, hati na kazi zilizokwisha kukabidhiwa, napendelea njia hii kuliko nyingine yoyote. Hifadhi iliyounganishwa hasa naiachia kazi inayoendelea, ambayo nakala yake iko kwingine.

Ukiwa umeamua kuunganisha katika Windows, achana na zile diski za “dynamic”, njia ya zamani ya kuunganisha, kwani Microsoft yenyewe imeacha kuzipendekeza, utumie Storage Spaces, iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012. Unaifungua kutoka Control Panel, unachagua diski za kuingia kwenye kundi, kisha unachagua aina ya kinga. Aina ya “simple” hukupa nafasi yote bila kinga; ile ya “two-way mirror” huandika kila kitu mara mbili, hivyo diski mbili zitakupa nafasi ya moja. Kuna mambo mawili ambayo skrini hiyo haiyasemi kwa sauti ya kutosha. Diski zote unazozichagua zitafutwa, pamoja na ile uliyodhani ni tupu. Vilevile, mfumo utakuruhusu kuandika ukubwa unaozidi nafasi uliyo nayo, kwa matumaini kwamba utaongeza diski baadaye, na kundi likijaa kabla hujaongeza, hifadhi inaweza kujifunga katikati ya kazi. Andika ukubwa ulio nao kweli. Windows yenyewe ibaki kwenye diski yake ya pekee nje ya kundi, maana kompyuta haiwezi kuwaka kutoka kwenye hifadhi ya namna hii.

Kwenye Linux, programu ya LVM hufanya kazi ya mfululizo vizuri na diski nyingine huongezwa baadaye bila kufuta zilizopo, ilhali ile ya mdadm hufanya RAID. Ukimaliza, andika amri ya lsblk --discard uitazame safu ya hifadhi mpya: ikiwa ni sifuri tupu, taarifa za TRIM hazifiki kwenye diski, nazo ndizo zinazoiambia SSD ni sehemu zipi zimeachwa wazi. Bila taarifa hizo kasi ya kuandika huzorota kadiri siku zinavyokwenda.

RAID inayowashwa kwenye mipangilio ya bodi siipendekezi kwa nyumba za huku pwani. Chumvi ya baharini huzila bodi zetu, na bodi ikifa, kundi lililoundwa na bodi hiyo huenda lisitambuliwe na bodi ya aina nyingine. Kundi lililoundwa kwa programu unalihamishia kwenye kompyuta nyingine yenye mfumo uleule na linafunguka. Soma pia kijitabu cha bodi kabla ya kununua, kwa kuwa bodi nyingi huzima baadhi ya soketi za SATA mara tu nafasi ya pili ya M.2, ile ya kuchomeka NVMe, inapotumika. Diski za USB nazo zisiingie kwenye kundi. Kebo ikiguswa na mtoto, hifadhi nzima imeondoka.

Kila diski, mpya au iliyotumika, ichunguzwe peke yake kwanza. CrystalDiskInfo kwenye Windows na smartctl kwenye Linux zitakuonyesha afya yake na kiasi ilichokwisha kuandikiwa. Sokoni zipo diski bandia zinazodai ukubwa zisizo nao, na ukizijaza hufuta yaliyotangulia bila kulalamika. Programu ya H2testw huijaza diski nzima na kuisoma tena, ndipo ukweli ukajulikana. Ni kazi ya saa kadhaa ambayo watu huiruka, ilhali diski moja bandia ndani ya kundi huharibu na kazi ya zile halali. Bandika kwenye kila diski karatasi yenye tarehe, nafasi yake kwenye bodi na tarakimu nne za mwisho za namba yake ya utambulisho, ili siku moja ikifa usije ukaing’oa ile iliyo nzima.

Umeme wetu ukikatika ghafla, SSD za kawaida, tofauti na zile za seva, hazina kapasita, yaani vihifadhi vidogo vya umeme, za kuzipa muda wa kumalizia zilichokuwa zikiandika. Kompyuta ya mezani yenye hifadhi iliyounganishwa isikose UPS, ile betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Joto nalo lina hesabu yake: NVMe mbili zilizobanana chini ya kadi ya picha, ile inayoendesha skrini, katika chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Machi, zitajipunguza kasi zenyewe ili zisiungue, kwa hiyo weka kipoozajoto juu ya kila moja na feni inayovuta hewa upande huo.

Nakala rudufu nazihifadhi kwenye diski ya kuzunguka ya kawaida (HDD), wala si kwenye SSD iliyofungiwa kabatini. Kiwango cha JESD218 cha JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya kielektroniki, kinataka SSD ya matumizi ya kawaida, iliyokwisha kumaliza umri wake wa kuandikiwa, ishike data kwa mwaka 1 bila umeme katika nyuzi 30 za Selsiasi, na muda huo hupungua joto likizidi. Kabati la nyumba ya Kisauni au Likoni hapa Mombasa hupita nyuzi 30 kwa urahisi.

Kwa wanaorekodi shughuli za wanawake, hifadhi yote ifungwe kwa nenosiri siku ileile inapoundwa, kwa BitLocker ya Windows au LUKS ya Linux, kabla faili la kwanza halijaingia. Diski ikigoma ndani ya muda wa dhamana, duka litataka uirudishe, na diski iliyogoma huwezi tena kuifuta. Humo ndani mna nyuso za mabibi harusi na mama zao, waliokubali kupigwa picha kwa sharti kwamba hakuna mwanamume atakayeziona. Ikiwa imefungwa, iweke kaunta uchukue nyingine. Ikiwa haikufungwa, dhamana hiyo isamehe, uvivunje vipande wewe mwenyewe vile vidude vyeusi vya diski vinavyobeba data.