Tovuti mpya haionekani Google: pa kuanzia

Kabla ya kuwaza nafasi ya kwanza, hakikisha Google inajua kwamba tovuti yako ipo. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika site: na jina la domeni yako bila kuacha nafasi, mfano site:example.com. Isipotokea kurasa hata moja, kama tovuti imejengwa kwa WordPress (mfumo wa kutengenezea tovuti), angalia kwanza mipangilio ya Reading. Pale kuna tiki ya kuzikataza injini za utafutaji. Mafundi huiweka wakati wa ujenzi, kisha wanakabidhi kazi bila kuitoa. Itoe leo.

Halafu jiunge na Search Console, zana ya Google ya kufuatilia tovuti yako kwenye utafutaji, ni bure. Thibitisha umiliki kwa rekodi ya TXT (mstari wa maandishi utakaopewa) kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni yako, kisha wasilisha ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako. WordPress kuanzia toleo la 5.5 huitengeneza yenyewe, kwa jina wp-sitemap.xml. Kwa kurasa chache muhimu, kagua anwani ya kila mmoja humo humo na uombe uorodheshwe. Kazi hii huchukua siku kadhaa, pengine wiki kadhaa, na kuomba tena na tena hakuharakishi kitu.

Sasa maneno, na hapa ndipo tovuti ndogo nyingi hukwama. Chukua karakana ya fanicha Keko, Dar es Salaam. Ukurasa wa mbele una kichwa “Karibu kwenye tovuti yetu”, na ukurasa mmoja wa “Bidhaa” umebeba vitanda, makabati na meza zote. Mteja hatafuti “bidhaa”. Anaandika “bei ya kitanda 5 kwa 6”. Basi kitanda kipewe ukurasa wake, na kichwa kama “Kitanda cha mninga 5 kwa 6: bei na picha, Keko Dar es Salaam”. Usizidishe sana herufi 60, maana mkia hukatwa kwenye matokeo.

Ndani ya ukurasa jibu yale wanayokuuliza WhatsApp kila siku: bei, mbao imekauka au la, kinakamilika kwa siku ngapi, usafiri hadi Mbagala ni kiasi gani. Fungua meseji za mwezi uliopita uyanukuu maswali kwa maneno yao wenyewe. Hakuna programu ya kulipia itakayokupa maneno bora kuliko hayo. Kurudia “kitanda” mara arobaini ni kujiharibia. Ile sehemu ya kujazia “keywords” kwenye msimbo iache, Google ilitangaza tangu 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Google hupima ukurasa jinsi unavyoonekana kwenye simu, na mteja wako yuko kwenye bando. Picha ya MB 4 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ipunguze hadi upana wa pikseli 1200, uihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi. Mara nyingi itashuka chini ya KB 200. Lengo ni kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5. PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi, itakuonyesha kinachochelewesha.

Linki za tovuti nyingine zinazoelekeza kwako usinunue, ni kinyume cha kanuni za Google. Omba kwa wanaokujua kweli: hoteli uliyoiuzia vitanda, muuza mbao wako. Fungua pia wasifu wa biashara kwenye Google ili uonekane kwenye ramani.

Baada ya miezi miwili au mitatu, soma ripoti ya utendaji kwenye Search Console. Usijipime kwa kujitafuta kwenye simu yako, matokeo hubadilika kulingana na mahali ulipo. Humo tafuta maswali, yaani maneno watu waliyoandika Google, ambayo kwayo ulionekana mara nyingi ukiwa nafasi ya 8 hadi 20. Kama “kitanda 6 kwa 6” limo na ukurasa hautaji kipimo hicho, ongeza bei na picha yake. Ukiwa juu lakini watu hawabofyi, andika kichwa upya. Anwani ya ukurasa iache ilivyo. Ikilazimu kuibadilisha, weka uelekezaji wa 301, unaompeleka mgeni moja kwa moja kwenye anwani mpya, kutoka ya zamani siku hiyo hiyo.