Gari ya kizamani imegoma kuwaka: majibu ya maswali yenu

Wiki hii nimepokea maswali mengi na karibu yote yana sentensi moja inayonichekesha, "fundi ameshafungua kabureta". Jamani. Kabureta, kile kichanganya petroli na hewa, ndo kitu cha mwisho kufungua, tena gari ikishazoea kufunguliwa kabureta hairudi tena kama zamani. Twende.

Shikamoo fundi. Nina Beetle ya 1970, asubuhi inawaka mara moja tu. Nikiendesha nusu saa afu nizime, nikija kuwasha inalia tak moja basi. Ikipoa inawaka. Fundi anasema injini imechoka. (Moshi)

Marahaba. Injini haijachoka, mwambie fundi apumzike. Kama injini haizunguki kabisa basi habari za kabureta na plagi weka pembeni, hapo shida iko kwenye stata, ile mota inayozungusha injini, au umeme unaoifikia. Kwenye Beetle betri iko chini ya siti ya nyuma, stata iko hukohuko nyuma, lakini ule waya mwembamba wa kuamsha stata unatoka nyuma unaenda mbele mpaka kwenye swichi ya ufunguo halafu unarudi tena nyuma, mita kadhaa za waya wa miaka zaidi ya hamsini, na kila kiungo kina kutu kidogo, kwahiyo umeme unafika umechoka. Ikiwa baridi bado unatosha kuvuta selenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, ikipata joto hautoshi, ndo unasikia tak.

Anza na vya bure. Fungua vichwa vya betri visugue kwa msasa, afu ingia chini utafute ule mkanda wa arthi, wa kurudisha umeme kwenye betri kupitia bodi, unaounganisha gearboksi na bodi, mara nyingi umeoza au fundi aliyeshusha injini alisahau kuurudisha. Ukiona bado, nunua rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo) ya kawaida ya honi au ya taa kubwa, ifunge karibu na stata ichukue umeme kwenye waya mnene wa betri, na ule waya wa ufunguo uwe unaamsha rilei tu. Rilei ni bei ndogo sana ukilinganisha na stata nyingine, na hii gari inastahili, ilishinda Safari Rally 1954, 1957 na 1962 sio mchezo.

Na hapohapo angalia kama betri ina kifuniko juu. Springi za siti zikigusa vichwa vya betri, mfano umepakia mtu mzito nyuma, gari inashika moto ukiwa ndani.

Fundi Datsun 120Y yangu inawaka kabisa nikiwa nimeshika ufunguo, nikiachia tu inazima. Nimebadili plagi, pointi na kondensa (vidude vya mfumo wa cheche), hamna kitu. (Morogoro)

Ungeniuliza kabla hujanunua hivyo vyote. Karibu na koili, ile inayokuza umeme wa kutoa cheche, tafuta kitu cheupe kama kigae, kina waya huku na huku. Ile ni rezista ya koili. Unapopiga stata koili inapewa umeme wa betri moja kwa moja, ukiachia ufunguo umeme unapita kwenye hiyo rezista, sasa ikikatika ndo unapata hicho unachokiona.

Kuhakikisha, chukua kipande cha waya toka positivu ya betri mpaka positivu ya koili, washa. Ikiwaka na kubaki inanguruma umeshamkamata mwizi. Ila usiendeshe hivyo mpaka Dar kama kuna jamaa yangu mmoja alivyofanya, koili ilichemka na pointi zikaungua. Na kama rezista ni nzima basi angalia swichi ya ufunguo yenyewe, weka testa, ile taa ya kupimia umeme, kwenye koili ufunguo ukiwa ON, taa isipowaka kabisa hapo umeme haufiki.

Land Rover Series III dizeli, huku Makete asubuhi inapigwa stata mpaka betri inakufa, moshi mweupe tu. Mchana ikiwa jua haina shida. Wanataka kupeleka pampu kupimwa. (Njombe)

Usipeleke pampu! Moshi mweupe maana yake dizeli inaingia ila haiungui, kuna baridi mno ndani. Shida ni hita plagi, zile za kupasha joto ndani ya injini kabla ya kuwasha. Na hizi Land Rover za zamani hita zake nne zimeungwa mfululizo, moja inampa mwenzake, kama zile taa za Krismasi, ikikatika moja zote zimekufa. Washa hita, afu pitisha testa kutoka plagi ya kwanza inayopokea umeme kwenda ya mwisho. Pale taa inapowaka upande mmoja wa plagi na upande wa pili hakuna kitu, hiyo ndo iliyokufa.

Tahadhari, usizijaribu kwa kuziunga moja moja kwenye betri ya volti 12, kila moja ni ya volti kama 1.7 tu, itaungua hapohapo mkononi mwako. Na ile tabia ya kuweka mkaa chini ya sampu, lile bakuli la oili, acheni, najua mnafanya, acheni. Spirei ya kuwashia nayo usipulize kabisa wakati hita ni za moto, inaweza kulipuka.

Morris Minor ya babu, nimeweka betri mpya, inawaka ila baada ya siku nne tu betri haisukumi tena stata. (Unguja)

Jibu fupi: kaangalie waya gani umefungwa kwenye bodi. Morris Minor zilitoka kiwandani positivu ndo arthi, na wewe nadhani umefunga negativu kama gari za siku hizi. Inawaka, ndio, lakini cheche inakuwa dhaifu na dainamo na rejeta (kidhibiti cha chaji) zinachanganyikiwa hazichaji. Geuza. Kama kuna redio ya kisasa humo itoe kwanza, itaungua.

Peugeot 504 ya baba imekaa miezi minne. Stata nzuri, inazunguka vizuri, haiwaki. Fundi ndo anataka kufungua kabureta. (Mombasa)

Haya nilijua itafika. Dada, miezi minne petroli ya kwenye kabureta imeshakauka na ya kwenye tangi imechacha, inusa, ukisikia kama rangi ya mafuta hiyo imwage. Vua mpira wa petroli unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, mwambie mtu apige stata sekunde kumi. Ikiruka kwa mapigo, pampu nzima. Isiporuka ni filta imeziba, au daiframu, ule utando wa ndani ya pampu, imekauka, au mpira wa chini una ufa unavuta hewa. Koili itoe waya kwanza maana cheche na chupa ya petroli si marafiki.

Petroli ikiwepo, fungua distributa, kile kigawa cheche chenye pointi ndani. Hapo pwani pointi zinaota ukungu mweupe zikikaa, pitisha msasa laini, zirudishe kwenye milimita 0.4. Kifuniko chake kifute ndani kwa kitambaa kikavu, chunguza kama kuna kamstari keusi kama ufa, hako kanakula cheche.

Bado haijawaka? Toa plagi zote nne, zipange kwa mfuatano wa silinda, nitumie picha.