Vilima vya mchanga Shela: watoto wasipande

Ndugu yangu, umeuliza kama watoto wanaweza kuteleza kwenye vilima vya mchanga vya Shela, Lamu. Naomba sana wasipande. Maji ya mji yanatoka pale pale: mvua hunywewa na mchanga, ikatulia chini, maji baridi yakaelea juu ya yale ya chumvi, na visima vimechimbwa humo. Mimea ile inayotambaa ndiyo inayoshika mchanga. Ikikanyagwa hung'oka, upepo ukaubeba.

Wacheze ufukweni maji yakipwa, mchanga unakuwa mgumu, mguu hauzami. Ufuko ni mrefu, kama kilomita 12, na ukishaipita Shela yenyewe hakuna kivuli. Bebeni maji na kofia, mwende asubuhi. Kutoka Lamu mjini ni kama dakika 40 kwa miguu, au pandeni boti.