Jibu: Je, Mirihi ilipoteza hewa yake kwa kukosa sumaku tu?

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama Mirihi iliishiwa hewa kwa sababu sumaku yake ilizimika, na kama sayari za nyota kibete nyekundu (nyota ndogo zenye joto dogo kuliko Jua) tuzifute kabisa tunapotafuta uhai. Wengi hapo juu wamejibu "sumaku" na kufunga mjadala. Mimi naona sumaku imepewa sifa kuliko kazi inayofanya. Wa kuhojiwa kwanza ni nyota, hasa ule mwanga wake tusiouona.

Hilo nililijua kwa kuaibika. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa na lahajedwali nikipiga hesabu ya haidrojeni inayotoroka kutoka Dunia yetu. Hesabu yenyewe si ngumu: unachukua kasi ambayo atomu inaipata kutokana na joto, unailinganisha na kasi ya kuushinda mvutano wa sayari, ambayo kwa Dunia ni kilomita 11.2 kwa sekunde. Nikaweka nyuzi 15 za Selsiasi, kwa kuwa ndio wastani wa joto huku chini. Haidrojeni ikanipa kilomita 2 na ushei kwa sekunde. Hakuna kinachotoka! Nikaenda kuandika hivyo kwenye uzi mmoja, kifua mbele. Jamaa akanijibu kwa mstari mmoja: hewa uliyoipima siyo inayotoka.

Na kweli. Chembe ya hewa ya huku chini hata ikirushwa juu inagonga nyingine kabla haijafika popote. Inayotoka ni ya huko juu, kilomita 500 hivi, ambako chembe zimetawanyika kiasi kwamba ikishapaa hakuna wa kuizuia. Joto la huko huwa mamia ya nyuzi, na Jua likichangamka linapita hata elfu. Wala haliletwi na mwanga unaotuangazia mchana, maana huo unapita pale kama hakuna kitu. Linaletwa na eksirei na miali mikali ya urujuanimno. Hiyo ni sehemu ndogo mno ya nishati ya Jua, lakini inamezwa hukohuko juu, na wa kugawana ni wachache, kwa hiyo kila mmoja anapata fungu nono.

Nikarudia hesabu kwa nyuzi 700. Kasi ikawa kilomita 4 hivi. Bado ni mbali na 11, ila huo ni mwendo wa kawaida tu. Katika kundi kubwa hawakosekani wenye mbio kuliko wenzao, na hao wakaongezeka makumi ya mamilioni ya mara. Dunia inapoteza kama kilo 3 za haidrojeni kila sekunde, kwa njia hii na nyinginezo. Jinsi hewa hiyo ya juu inavyovimba Jua likichafuka, waulize wa Starlink, wale wa setilaiti za intaneti: Februari 2022 walirusha setilaiti 49, dhoruba ya Jua ikaikuta safari, hewa ikawa nzito kuliko walivyotarajia, 38 zikapotea.

Sasa Mirihi. Mvutano wake ni dhaifu, kasi ya kuponyoka ni kilomita 5 tu, kwa hiyo hata oksijeni inaweza kutoka. Namna inavyotoka ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwanga wa Jua unasababisha molekuli za oksijeni zilizopungukiwa elektroni moja. Baadaye elektroni inakuja kujiunga nayo, na muungano huo unaachia nishati nyingi hadi molekuli inapasuka vipande viwili, kila atomu ikirukia upande wake kwa kilomita kadhaa kwa sekunde. Kule Mirihi, iliyoelekea juu inaweza isirudi tena. Jambo hilohilo linatokea Zuhura na hapa kwetu, lakini atomu inapanda kisha inarudi kama jiwe. Na atomu hiyo haina chaji, kwa hiyo sumaku haiwezi kuishika hata ingekuwa na nguvu kiasi gani.

Upande wa sumaku wana hoja kwenye upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe unaotoka kwenye Jua, ambao sayari isipokuwa na sumaku ya kuukinga unazoa chembe za hewa zenye chaji na kuondoka nazo. Chombo cha MAVEN kilifika Mirihi Septemba 2014 na kikapima: kama gramu 100 kwa sekunde, zaidi wakati wa dhoruba. Lakini hebu piga hesabu. Hizo ni tani 3,000 na kitu kwa mwaka, na hewa nyembamba iliyobaki Mirihi ni tani trilioni 25 hivi. Kwa mwendo huo, kuimaliza hii iliyobaki tu kungechukua karibu miaka bilioni 8, na Jua lenyewe lina bilioni 4.6. Ina maana Jua la leo tunalisingizia. Lililofanya kazi ni Jua kijana: mwanga wake wa kuonekana ulikuwa kama asilimia 70 ya wa sasa, ilhali eksirei zake zilikuwa mara makumi hadi mamia. Timu ya MAVEN ilieleza mwaka 2017 kwamba asilimia 65 hivi ya gesi ya argoni ya Mirihi imekwenda angani. Argoni haiungani na kitu, hivyo huwezi kusema imejificha kwenye miamba.

Halafu kuna Zuhura. Haina sumaku yake, iko karibu zaidi na Jua, na hewa yake inakandamiza mara 90 kuliko yetu. Huyo analindwa na nani? (Msinirushie mawe, sijasema sumaku haina kazi yoyote.)

Kwa nje ya mfumo wetu, mfano wangu ni sayari ya GJ 436 b, inayoizunguka nyota yake kwa siku 2.6. Ikipita mbele ya nyota, kwa mwanga wa kawaida inaziba chini ya asilimia 1. Ukitazama kwa urujuanimno wa haidrojeni, kama darubini ya Hubble ilivyofanya, zaidi ya nusu ya nyota inazibwa: ni wingu la gesi inayotoka, lenye mkia kama wa kometi.

Vibete wekundu wana tatizo la kuchelewa kutulia. Utukutu wa ujana ambao Jua liliumaliza mapema, wao wanaweza kuuendeleza kwa miaka bilioni au zaidi, na sayari zenye joto la wastani zimewakumbatia kwa karibu. TRAPPIST-1 b, sayari ya ndani kabisa ya kibete mwekundu TRAPPIST-1, ilipimwa na darubini ya James Webb, matokeo yakatoka 2023: hewa hakuna, au ni kidogo sana. Sikushangaa. Lakini dada zake wa mbali kidogo na nyota hiyo, kama sayari e na f, mimi sijazifuta. Nyota ikishatulia, volkano zinaweza kutoa hewa mpya, na nzito ya kaboni dioksidi haing'oki kirahisi kama haidrojeni.